Kwa nini "kula" linaweza kuwa tusi: maneno ya mwiko katika lugha ya Bali

Tarehe 31 Mei 2023 gavana wa Bali, Wayan Koster, alitoa waraka kwa watalii wa kigeni: haya fanyeni, haya msifanye. Mengi ndani yake hayakumshangaza mtu. Usipande mti mtakatifu. Usipige picha za utupu mahali pa ibada. Badilisha fedha kwenye maduka yenye leseni. Lakini kati ya makatazo hayo lilikuwemo moja la ulimi: mgeni asitamke maneno makali wala kuwafanyia ufidhuli maofisa, wenyeji au watalii wenzake, iwe ana kwa ana au mitandaoni. Waraka ulipotolewa upya tarehe 24 Machi 2025, katazo hilo lilikuwa bado lipo.

Ni maneno yapi hasa? Waraka haukusema. Na hapo ndipo watu huchanganyikiwa, kwa sababu wengi wetu tumezoea kuyafikiria matusi kama orodha. Yakariri maneno kumi ya kuepuka, umemaliza. Kwa Bali njia hiyo haikufikishi mbali. Neno lile lile linaweza kuwa la kawaida kabisa likisemwa juu ya nguruwe, la utani kati ya vijana wawili wa Singaraja, na la kuvunja undugu likisemwa mbele ya baba mkwe. Na neno la heshima kuliko yote linaweza kukuaibisha ukilitumia kujisema mwenyewe.

Lugha yenye ngazi

Bali ni kisiwa cha Indonesia, mashariki mwa Java, chenye watu zaidi ya milioni 4. Wengi wao ni Wahindu, ndani ya nchi ambayo wananchi wake walio wengi ni Waislamu. Lugha yao ni Kibali (si kile cha kuombea ujenzi manispaa). Kwa ukoo ni ndugu wa Kijava na Kimalei, na kimebeba maneno mengi ya Sanskriti, lugha ya kale ya India. Kiindonesia, lugha ya taifa, ni lugha nyingine, na mwishoni tutaona kwa nini tofauti hiyo ina uzito.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kile Wabali wanachokiita sor singgih, yaani chini na juu. Kwa mambo mengi ya kila siku, kama kula, kulala, kufa, kichwa, mguu, mimi, wewe, Kibali kina maneno kadhaa, na kila moja lina watu wake. Maneno ya nyumbani na ya marafiki huitwa andap. Maneno laini ya heshima ni alus, nayo yana pande mbili: yapo ya kumpandisha yule unayemsema, na yapo ya kujishusha wewe mwenyewe. Katikati kuna maneno ya wastani yasiyompandisha wala kumshusha mtu. Chini kabisa ni kasar, maneno makali.

Mswahili hahitaji kupanda ndege ili alielewe hili. Ng'ombe hufa. Mwalimu wako mstaafu hafi. Anafariki, au anatutoka, au anatangulia mbele ya haki. Mbuzi aliyekutwa amekufa zizini bila kuchinjwa ni kibudu, na ukisema kwamba fulani amekufa kibudu, jamaa zake hawatakusamehe. Chukua hisia hiyo uliyonayo juu ya kufa, kufariki na kibudu, uitandaze juu ya mamia ya maneno mengine hadi kufikia mguu na mdomo. Hapo utakuwa umekikaribia Kibali.

Kwa kufa kwenyewe wana mati, la kawaida, padem, laini, seda, la kumsema mtu wa hadhi, na bangka, ambalo ni la mzoga. Kula ndiko kunakofundisha zaidi. Madaar ni la nyumbani. Ngajeng ni la mtu unayemheshimu. Ngrayunang ni la kuhani au mtu wa ukoo wa juu. Ukijisema mwenyewe mbele ya mkubwa unatumia nunas, ambalo asili yake ni kuomba au kupokea, kana kwamba kila tonge umepewa. Halafu kuna ngamah, la wanyama. Nguruwe anakula, kuku anakula, mfugaji analitamka neno hilo kutwa nzima bandani na hakuna anayegeuza shingo. Lipeleke mezani kwa mgeni wako, umuulize kama ameshakula kwa kutumia ngamah, na umemtukana bila kutaja kiungo chochote cha siri. Yapo makali kuliko hilo, nidik na ngaleklek, ambayo hutumika kwa makusudi ya kuumiza. Ni kama kumwambia mtu abugie.

Fundo lote liko hapo. Uchafu wa neno unapimwa kwa umbali uliopo kati ya neno lenyewe na mtu anayebandikwa. Wabali wana neno linalolieleza hili vizuri: linggih, kiti, mahali pa kukaa, na pia hadhi ya mtu. Watu wasiojuana wanapokutana, kwa desturi mmoja huuliza kwa adabu linggih ya mwenzake, yaani ukoo wake, ili ajue waongee kwa ngazi ipi. Kibanda cha hekaluni anaposhukia mungu huitwa pelinggih, kutoka mzizi huo huo. Miungu ina viti vyake na watu wana vyao, na maneno pia. Tusi ni neno lililokalishwa kiti kisicho chake.

Ngazi hizi hazikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1343 dola ya Majapahit ya Java iliiteka Bali, na kwa karne zilizofuata familia za watawala zilijinasibu na Java hiyo. Sehemu kubwa ya maneno ya juu ni ya Kijava cha kale na Sanskriti, lugha za ikulu na vitabu. Jamii ikapangwa katika tabaka tatu za juu, brahmana, satria na wesia, na chini yao jaba, "walio nje", ambao ni zaidi ya watu tisa katika kila kumi. Hadi leo jina linakwambia ukoo wa mtu: Ida Bagus au Ida Ayu ni wa brahmana, Anak Agung ni wa satria, na Wayan au Ketut bila cheo mbele ni mtu wa kawaida. Cheo cha Cokorda, cha wana wa kifalme, kimetokana na maneno yenye maana ya miguu ya mungu. Mtu mdogo haongei na bwana uso kwa uso, anaongea na nyayo zake. Na nyayo hizo ni cokor. Za kwako na zangu ni batis.

Sheria za falme za kale zilikuwa na kosa la wakparusya, ukali wa maneno, na adhabu yake ilitegemea tabaka la aliyetukana na la aliyetukanwa. Kwa hiyo asidanganywe mtu kwamba adabu hii ilikuwa urembo tu wa mazungumzo. Ilikuwa na meno. Waholanzi walipomaliza kukiteka kisiwa mwaka 1908 waliliacha tabaka likae, na kwa namna fulani wakalikaza. Mwaka 1925 wasomi wa jaba katika mji wa Singaraja walianzisha jarida la Surya Kanta, wakidai heshima ipimwe kwa elimu na tabia kuliko kwa kuzaliwa. Mabishano ya wakati ule hayajaisha kabisa hadi leo.

Kichwa, halafu mbwa

Tusi la Bali linalojulikana zaidi na wageni ni naskeleng. Ukiuliza maana, wengi watakwambia ni "kichwa cha uume", watacheka, na maelezo yataishia hapo. Lakini maelezo hayo yanaacha nje sehemu kubwa, kwani yanadhani uchafu wote uko kwenye kiungo.

Nas ni kifupi cha tendas, na tendas ni kichwa cha mnyama. Kichwa cha binadamu kwa adabu ni sirah, na cha mtu wa juu ni prabu. Sasa, kichwa katika Bali si kiungo kama vingine. Kisiwa kizima kimepangwa kwa kufuata juu na chini: upande wa mlima, kaja, ni safi, na upande wa bahari, kelod, ni wa chini. Mlima Agung ndio kilele cha yote. Mtu hulala kichwa kikielekea mlimani au mashariki. Kumshika mtu kichwa bila ruhusa ni ufidhuli, hata kama ni mtoto na wewe unamwonea huruma. Nguo za ndani hazianikwi mahali ambapo watu watapita chini yake. Basi naskeleng inafanya mambo mawili kwa mpigo. Kwanza inakivua kichwa chako utu na kukifanya cha mnyama. Kisha inakibandika kwenye kiungo kilicho chini ya kitovu. Kilicho juu kimepinduliwa kikawa chini. Nusu ya kwanza peke yake ingetosha kuwa tusi.

Matusi mengine ya nguoni yapo Bali kama yalivyo popote. Sitayapanga hapa, hayana la kutufundisha.

Mbwa anafundisha zaidi. Cicing, mbwa, ni miongoni mwa matusi mazito ya Kibali, na wageni hulishangaa hilo kwa sababu kisiwa kimejaa mbwa na watu wanaishi nao. Mnyama huyo ana majina zaidi ya moja: cicing ni kali, kuluk ni la kawaida na hutumika hata kwa kumpenda, asu ni laini. Kwa hiyo anayekutukana kwa mbwa anachagua pia jina la mbwa. Na nafasi ya mbwa mwenyewe ni ya kutatanisha. Kila siku Wabali huweka chini sadaka ndogo za wali kwa ajili ya roho za chini, na mbwa wa njiani ndiye huja kuzila mara watu wakishaondoka. Yeye hula kilichowekwa ardhini, pamoja na uchafu mwingine wote unaojulikana. Lakini mbwa mwekundu mwenye mdomo mweusi, asu bang bungkem, ni mmoja wa wanyama wanaotolewa kafara katika baadhi ya ibada kubwa za kuitakasa nchi. Na katika Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa India, ambao Wabali wanaujua kama watu wa pwani wanavyozijua hekaya za Abunuwasi, mfalme Yudistira anakataa kuingia mbinguni bila mbwa aliyemfuata njia nzima, na mbwa yule anadhihirika kuwa mungu.

Hakuna mgongano hapo kwa Wabali. Mbwa akiwa mahali pa mbwa hana kosa. Kosa ni kumleta kwenye kiti cha mtu.

Historia iliwahi kulifanya neno hili kuwa sheria. Mwanamke wa brahmana aliyeolewa na mwanamume wa tabaka la chini alihesabiwa kuwa katika kosa lililoitwa asu pundung, na ndani yake yumo mbwa, asu, ingawa kwa jina lake la adabu. Wakati wa Waholanzi wapenzi wa namna hiyo walihamishwa kisiwa. Bunge la Bali liliifuta sheria hiyo mwaka 1951. Ndoa kama hizo leo zinafungwa, japo katika familia nyingine minong'ono haijakoma.

Majina yasiyotamkwa

Hadi hapa tumezungumzia maneno yanayoumiza watu. Kundi la pili la mwiko ni la maneno yanayoamsha kitu.

Panya wa mashambani kwa Kibali ni bikul. Mkulima wa mpunga, hasa panya wanapozidi, hapendi kulitaja jina hilo shambani. Anawaita Jero Ketut. Jero ni cheo cha heshima, na Ketut ni jina la mtoto wa nne katika familia (Wabali hupewa majina kwa mpangilio wa kuzaliwa: Wayan, Made, Nyoman, Ketut, na wa tano anaanza upya). Kwa hiyo mwizi wa mpunga anaitwa kitu kama "Bwana Ketut", akitumainiwa kwamba akiheshimiwa atakuwa na haya. Jambo hili halikomei kwenye jina. Katika wilaya ya Tabanan, ambayo ni ghala la mpunga la kisiwa, kumefanywa ibada iitwayo mreteka merana, ambamo mizoga ya panya huchomwa kwa taratibu zinazofanana na za kuchoma maiti ya binadamu, ili roho zao ziende na zisirudi kama wadudu waharibifu.

Kuna jitu la kisiwa cha Nusa Penida linaloaminika kuleta maradhi ng'ambo, hasa katika mwezi wa sita wa kalenda ya Kibali. Jina lake ni Mecaling, mwenye meno ya chonge. Wanaomwogopa, nao ni wengi, husema Ratu Gede, Mfalme Mkuu. Barakoa takatifu za Rangda, yule bibi mchawi mwenye ulimi mrefu anayeuzwa kwenye kadi za posta, hekaluni hazitajwi hivyo ovyo. Nazo ni Ratu. Leyak, binadamu anayejigeuza usiku kwa uganga wa mkono wa kushoto, hazungumziwi gizani, kwa kuwa kumzungumzia ni kumwita. Na kumwambia jirani kwamba yeye ni leyak ni tuhuma ya uchawi. Hiyo haipo katika hesabu ya matusi tena, ni uadui wa koo.

Hizi zote ni tafsida, lakini tafsida ya woga. Ya kwanza ilikuwa ya adabu. Wabali wenyewe, nadhani, wasingeziweka mbali hivyo, maana kinachotisha katika zote mbili ni kile kile: mwenye nguvu aliyeitwa kwa jina la chini.

Majina ya watu nayo yana mwiko wake, wa upole zaidi. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani Clifford Geertz, aliyefanya utafiti Bali mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika kwamba jina binafsi la mtu mzima halisikiki karibu kabisa. Mtu akishapata mtoto anaitwa kwa mtoto: Pan Putu, baba Putu, Men Putu, mama Putu. Akija mjukuu, jina linasogea tena. Kumwita mzazi wako kwa jina lake ni jambo linalowasha masikio ya wote waliopo. Anayewavunjia heshima wazazi au walimu kwa maneno huitwa alpaka guru, na inaaminika kwamba tulah, pigo lisiloonekana, litamfikia hata kama hakuna mwanadamu aliyemwadhibu.

Ndiyo maana mazungumzo mengi ya Kibali huanza kwa kuomba radhi kabla ya kosa. Sugra. Ampura. Nawegang. Ni kumradhi zetu hizi hizi, ila wao wanazitumia mpaka kwa wafu. Historia za koo zilizoandikwa kwenye majani ya mvumo, babad, hufunguliwa kwa maombi ambamo mwandishi anawasihi wahenga wasimlaani kwa kuyataja majina yao. Mwanahistoria anaomba ruhusa ya kuandika historia.

Yanayosemwa na watu, na yalivyo

La kwanza ni kwamba Wabali hawatukani, kwa kuwa ni watu wapole wa maua na tabasamu. Hiyo ni Bali ya vipeperushi. Mafundisho ya dini yao yana nguzo ya usafi wa mawazo, maneno na matendo, na upande wa maneno unakataza mambo manne: kusema maovu, kusema kwa ukali, kusengenya na kusema uongo. Usingekuwepo ulimi wa kutukana, kusingekuwa na haja ya katazo. Desa nyingi, yaani vijiji vya mila, zina kanuni zao zinazoitwa awig-awig, na anayeporomosha matusi kwenye mkutano wa kijiji au hekaluni anaweza kutozwa faini na kutakiwa kugharamia sadaka ya kuomba msamaha, guru piduka. Faini ni ya watu. Sadaka ni ya mahali, kwa kuwa neno limelichafua.

La pili, kwamba lugha ya chini ni matusi, ndilo kosa la wageni wenye bidii, wale waliojifunza kidogo wakaogopa. Andap ni lugha ya upendo. Ndugu, mke na mume, marafiki wa utotoni huongea hivyo. Ukimganda rafiki yako kwa maneno ya alus, atashangaa amekukosea nini. Heshima iliyozidi ni ukuta. Ukijisema kwa maneno ya juu, mfano ukasema "mimi ngrayunang", watu watacheka kwanza halafu watakuona una kiburi. Kujipandisha kwa kinywa chako mwenyewe hakuruhusiwi, hata uwe wa ukoo gani.

Tena, jiografia ina neno. Watu wa Buleleng, kaskazini, wana sifa kisiwani kote ya kuwa na ulimi mkavu. Kule "wewe" kwa vijana ni nani (si nani yetu ya kuulizia) na "mimi" ni kai, maneno ambayo kusini yangeanzisha ugomvi. Cicing na naskeleng katika vijiwe vyao, na siku hizi hata mji mkuu, Denpasar, hupachikwa kwenye sentensi kama pumzi tu, na asiyetukanwa ndiye ajiulize kama bado ni rafiki. Ukienda kwenye vijiji vya kale vya milimani, vya watu wanaoitwa Bali Aga, kama Sembiran na Pedawa, utakuta lahaja zisizo na ngazi hizi kama za bondeni. Ikulu za Majapahit hazikuwafikia kwa nguvu ile, na miiko ya ikulu haikuwafikia pia. Sidhani upo ushahidi mzuri kuliko huo kwamba mwiko huu ni wa jamii, wala haukuzaliwa ndani ya silabi.

Silabi peke yake, kwa kweli, haina kosa lolote. Cicing hiyo hiyo katika Kisunda, lugha ya magharibi mwa Java, ina maana ya kukaa kimya au kutulia. Mama wa Bandung anaweza kumwambia mwanawe kutwa nzima bila ubaya wowote. Afanye hivyo kwenye basi la Denpasar, vichwa vitageuka.

La tatu linatoka kwa watalii: "Lakini wenyeji wenyewe ndio walionifundisha." Bila shaka. Walikufundisha kwa sababu inachekesha kumsikia mgeni akisema, na walikuwa pamoja nawe, wakijua hujui. Kibali cha kutumia neno hilo (na hapa nasema kile cha ofisini) kilikuwa cha kijiwe kile na jioni ile. Dereva, askari au muuza matunda hakuwepo.

Mahali ambapo kinyume ni ruhusa

Kuna watu wenye leseni ya kuvunja karibu yote haya, nao ni wachekeshaji wa jukwaani. Katika wayang, mchezo wa vivuli vya ngozi, miungu na wafalme huongea Kikawi, Kijava cha kale ambacho watazamaji wengi hawakielewi. Wanaotafsiri ni watumishi wao: Twalen na mwanawe Merdah upande wa wema, Delem na Sangut upande wa pili. Delem ni mnene, mwenye majigambo, na kinywa chake hakina breki. Kupitia kwake dalang, mchezeshaji, husema juu ya viongozi, makuhani na waume wavivu mambo ambayo hakuna mwanakijiji angethubutu kuyasema kwenye mkutano. Waigizaji wa barakoa za bondres hufanya vivyo hivyo. Utani wa nguoni, jaruh, hutiririka, mabibi wanacheka mpaka wanashika mbavu, na yote hayo yanaweza kuwa yanatokea kwenye sikukuu ya hekalu.

Mgeni huuliza: mbona hapa hakuna tulah? Jibu moja ni kwamba dalang ametanguliza maombi na sadaka kabla ya kuwasha taa. Jibu la pili ni kwamba Delem ni mtumishi, na anaongea kama mtumishi. Ufidhuli wake umekaa kwenye kiti chake. Mfalme wa jukwaani akitamka neno moja tu la Delem, mchezo umeharibika.

Katika igizo la Calonarang mambo huenda mbali zaidi. Huchezwa usiku, aghalabu karibu na makaburi, na sehemu moja ya mchezo ni kuwaita leyak kwa sauti na kuwachokoza waje. Lile jina lisilotamkwa gizani linapigiwa kelele gizani, na anayelipigia kelele anajua, na watazamaji wanajua, kwamba anaweka roho yake rehani.

Vijana na lugha isiyo na ngazi

Kwenye simu na maofisini, wengi wa vijana wa Bali huongea Kiindonesia, na sababu moja wanayoitoa ni hii hii ya mwiko. Kijana wa jaba akikutana na mtu asiyemjua, hajui ukoo wake, na siku hizi kuuliza linggih ya mtu kunaonekana ushamba au uchokozi. Akishuka sana, amemtukana. Akipanda sana, amejidhalilisha. Akikosea neno moja mbele ya wazee, atasahihishwa hadharani. Kiindonesia kinamtoa kwenye mtego huo wote.

Serikali ya jimbo imeliona. Kanuni ya gavana namba 80 ya mwaka 2018 inahimiza matumizi ya lugha, hati na fasihi ya Kibali, na kila Februari kuna mwezi mzima wa lugha hiyo, wenye mashindano ya hotuba, ya uandishi wa hati na ya hadithi. Shuleni wanafunzi hukaririshwa majedwali ya sor singgih, na mwalimu hukata alama kwa ngazi iliyokosewa. Sina hakika kwamba hiyo ndiyo dawa. Ukimfundisha mtu lugha kwa kumwonyesha kwanza mahali pote anapoweza kutukana bila kukusudia, atachagua lugha nyingine. Na ile nyingine ina neno la kawaida la kula, makan, ambalo gavana hulitumia, na ambalo hutumika hata kwa mbwa wake, bila mtu yeyote kuudhika.